Saa Nne na Dakika Arobaini na Mbili

Kila asubuhi kabla ya kutoka nyumbani, mzee Eikichi husimama mbele ya jiko, akalinyooshea kidole kama mtu anayemshtaki mwizi, na kusema kwa sauti: "Jiko limezimwa, sawa!" Kisha huugeukia mlango: "Mlango umefungwa, sawa!" Alikwisha kustaafu udereva wa treni miaka kumi na minne iliyopita, lakini kidole hakikustaafu. Ndivyo walivyofunzwa madereva: kila unachokikagua kionyeshe kwa kidole na ukitaje kwa sauti, ili akili isije ikakudanganya. Mazoea yana taabu, na mkewe, Fusae, ameizoea taabu hiyo hata asiposikia "sawa" hurudi kujaribu kitasa.

Asubuhi ile ya Septemba, mwaka 1999, kidole kilikuwa na kazi nyingi.

"Tiketi mbili, sawa! Matonge manne ya wali, sawa! Machungwa, sawa!"

"Na mimi je?" Fusae aliuliza akivaa viatu.

"Wewe si unajijua upo?"

Fusae alimaliza kufunga viatu. Siku hiyo hakutaka ugomvi, alikuwa na mtego.

Treni zile za kwanza za mwendo kasi, nyeupe na buluu, zenye pua ya mviringo, zilikuwa zinaondolewa kwenye njia ya reli ya Tokaido wiki ile ile. Eikichi aliziendesha tangu mwaka wa kwanza, 1964, zilipokuwa zikishangaza dunia nzima, na kwa miaka ishirini na mmoja alipita nazo chini ya shamba la chai la mkewe. Siku za zamu yake alipita saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi. Si arobaini na moja, si arobaini na tatu. Fusae alikuwa akiacha kikapu, akikimbilia ukingo wa shamba, akifungua kitambaa cheupe kichwani na kukipunga mpaka behewa la mwisho lipotee.

Dereva hakumpungia hata mara moja. Hata kupiga honi hakupiga.

"Kanuni ni kanuni," ndilo lililokuwa jibu lake nyumbani. "Macho mbele."

"Lakini unaniona?"

"Treni inakwenda mita hamsini na nane kwa sekunde moja, mama Chizue."

Hilo nalo ni jibu? Kwenye harusi za watu Fusae alikigeuza kisa hicho kichekesho, wageni wakashika mbavu, lakini kilimuuma. Ujana wake mzima alikuwa amekipungia chuma. Kabla treni ile haijaondoka alitaka kujua jambo moja tu: je, mume wake aliwahi kumwona? Kwa hiyo alimpanga dada yake, Mitsuyo, asimame pale pale ukingoni na kitambaa, saa ile treni yao itakapopita. Kama mtu wa shambani anaonekana kutoka dirishani, Eikichi atakosa pa kujificha.

Kituo cha Shizuoka kilifurika watu. Wazee walikuja wamevaa tai kama wanaokwenda kuposa, na kamera zilijaa mpaka mwisho wa jukwaa. Treni ilipoingia taratibu na pua yake iliyogandwa na wadudu, mama mmoja aliiinamia kwa heshima, na Fusae, aliyekuja kwa mtego wake, akajikuta machozi yanamlenga. Kumbe ilikuwa nzuri hivi! Miaka yote aliiona ikipita tu, kama mgeni asiyekaa akanywa chai.

Eikichi alivua kofia. "Amezeeka vizuri," alisema.

"Mimi hujawahi kuniambia hivyo."

"Shemeji! Umekuja kumzika mke mwenzio?"

Aliyesema alikuwa Nezu, mtu mfupi mwenye mdomo mrefu, aliyekaa na Eikichi kwenye chumba cha dereva miaka tisa, enzi zile madereva walipokwenda wawili wawili. Walipopanda, alijikaribisha mwenyewe kwenye siti ya tatu, akajikaribisha na chungwa. Treni ilikawia kidogo kituoni, na mojawapo ya zile mpya zenye pua ndefu ikaipita kwa kishindo.

"Mzee anawapisha vijana," Nezu alisema.

"Wana haraka kwa sababu walichelewa kuzaliwa," Eikichi akajibu, na behewa zima likacheka.

Walipoondoka, Eikichi alikula tonge la kwanza akisikiliza magurudumu kama daktari anayesikiliza kifua. Alikula la pili. Akanywa chai. Kisha mzee wa watu, aliyekesha kwa furaha usiku kucha, akasinzia kidevu kikiwa kifuani.

"Baba Chizue, amka! Tunakaribia!" Fusae alimpiga kiwiko. Hakuamka. Treni ilizama kwenye handaki la mlimani, madirisha yakawa meusi, masikio yakaziba. Fusae alibandika uso kwenye kioo. Basi, na alale, Fusae atamtafuta Mitsuyo mwenyewe.

Mwanga ukarudi ghafla. Chini yao daraja la chuma likanguruma, na hapo mkono wa Eikichi ukainuka. Macho alikuwa bado ameyafumba. Mgongo ulinyooka, kidole kikaelekea mbele, na sauti ikatoka kamili, ile ya kazini:

"Mwendo mia mbili na kumi, sawa! Shamba la chai kulia. Kitambaa cheupe. Fusae yupo, sawa!"

Behewa zima liligeuza vichwa. Eikichi alizinduka kwa sauti yake mwenyewe, akautazama mkono wake uliokuwa bado hewani, akaushusha polepole huku masikio yakimwiva kama pilipili.

"Umesema nini?" Fusae aliuliza. Dirisha alikwisha lisahau.

"Nilikuwa nimelala."

Nezu alikuwa akijifuta machozi ya kicheko. "Shemeji, hukuwa ukijua? Miaka tisa nimelisikia jina lako! Wiki ya kwanza nilidhani Fusae ni taa ya njiani, nikaitafuta kwenye ramani."

"Nyamaza, Nezu."

"Sinyamazi, kaka, treni ndiyo hiyo inaondoka. Shemeji, unaikumbuka siku ulipougua kidole tumbo?"

Angeisahau vipi? Mwaka 1971. Alianguka jikoni peke yake, hana hata jirani wa kumwita, na alasiri ile Eikichi akaingia mbio, sare mwilini, glavu nyeupe mikononi, akambeba mpaka hospitali. Nani alikuwa amempasha habari, Eikichi hakusema hata siku moja.

"Siku hiyo aliita, 'Fusae hayupo,'" Nezu alisema, na sasa hakucheka. "Nikasubiri aseme 'sawa'. Hakusema. Tulipofika Osaka aliomba ruhusa, mara ya kwanza na ya mwisho kazini kwake, akapanda treni ya kurudi."

Fusae alimgeukia mumewe. Alilia na kucheka kwa pamoja. "Miaka yote hiyo! Kwa nini hukuniambia, wewe mtu?"

Eikichi aliipindapinda kofia yake. "Jina lako halimo kwenye kitabu cha kanuni," alisema. "Lilikuwa kosa. Nililifanya kila zamu."

Fusae aliushika ule mkono wenye kidole, akauweka mapajani mwake, na hakuuachia mpaka Hamamatsu. Huko walikula samaki aina ya mkunga wa kuchoma, Nezu akala sahani mbili na kuimba wimbo mmoja vibaya.

Jioni waliporudi, Mitsuyo alikuwa amekaa kizingitini akijikanda bega, kitambaa cheupe kimemkalia shingoni.

"Haya, semeni! Mmeniona?"

Mume na mke walitazamana. Tangu kile kidole kilipoinuka, Fusae hakumkumbuka tena.

"Nimepunga mpaka bega likataka kung'oka! Nimeruka! Nimekanyaga chai! Ina maana hata kichwa hamkugeuza?"

"Pole, dada," Fusae alisema, akivua viatu na kuvipanga vizuri mlangoni. "Kanuni ni kanuni."