Inchi Mia Mbili

Walisema mwanangu alijua.

Walisema juu ya mabeseni ya tufaha, jikoni kwa Verna, wanawake kumi na mmoja tukimenya pamoja kama tufanyavyo kila Oktoba, na hakuna aliyenitamkia usoni. Neno lilinifikia kwa nyuma, kama upepo unaopita chini ya mlango: kwamba Orvan aliuona mkanda umetafunwa, aliuona siku mbili kabla ya kuanguka, na akapanda juu vivyo hivyo kwa sababu ya pembe.

Kisu changu kilisimama. Ganda la tufaha lilikuwa likining'inia, refu, halijakatika.

"Nani kasema?"

Maji yakatona kwenye karai.

"Aliyesema ana mdomo. Aurudie hapa nisikie."

"Saloma, dada," Verna akasema, "watu wanasema tu."

"Watu gani? Wana majina hao watu, au ni ng'ombe?"

Nilifunga farasi kwenye gari nikaenda zangu kabla ya chakula. Farasi alizisikia hasira zangu kupitia hatamu, akakimbia njia nzima bila kuombwa. Nami njia nzima nilikuwa nikisema kwa sauti: si kweli. Orvan si mjinga. Mtu hapandi futi ishirini juu ya mwaloni kwenye jukwaa lililofungwa kwa mkanda anaojua umeliwa.

Lakini neno lile liligoma kutoka. Nilikanda nalo mkate. Nililala nalo na kuamka nalo. Wiki sita nilimhudumia mwanangu kwenye kiti chake cha magurudumu, nikimwosha, nikimgeuza, na wiki sita sikuthubutu kumuuliza.

Nilisoma madarasa manane katika shule ya chumba kimoja, kama wote wa kanisa letu, tusiotumia umeme wala magari ya injini, kwa hiyo sitaandika kwa mapambo. Naandika kwa ajili yenu akina mama ambao Novemba ikikaribia mnaziona fulana za kuwindia za rangi ya chungwa zimetundikwa upya nyuma ya mlango, na mnajisemea moyoni kwamba ni uwindaji tu, tumekula kulungu tangu babu zetu. Mimi pia nilijisemea hivyo.

Kulungu wa kwanza wa Orvan alikuwa jike mwembamba. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alirudi anatetemeka, mikono ameisugua kwa theluji mpaka imekuwa myekundu, na baba yake akamwambia, "Umetulisha." Tulijaza chupa ishirini na saba za nyama iliyochemshwa isiharibike, nikazipanga kwenye rafu ya chumba cha chini ya nyumba, na majira yale yote ya baridi kila nilipofungua moja Orvan alikaa mezani wima kama mzee wa nyumba. Huo ndio uwindaji ninaoujua mimi. Una mwisho. Rafu ikijaa, bunduki inarudi ukutani.

Aliyemfundisha uwindaji mwingine ni Felty, ndugu wa mume wangu. Felty hushona mikanda na hatamu za farasi, na karakana yake ndipo wanaume huenda wakidai wanasubiri kushonewa. Ukuta mzima umejaa pembe. Chini ya kila jozi kuna namba imeandikwa kwa chaki, inchi zote za matawi yake zimejumlishwa, maana hawa wanaume wetu, wasiokubali hata kioo kikubwa chumbani wasije wakajipenda, wanaweza kusimama asubuhi nzima na utepe wa kupimia wakibishana juu ya robo inchi. Askofu aliwahi kuhubiri juu ya majivuno, akazitaja pembe kwa jina lake. Waliinamisha vichwa wote. Kesho yake nilipita karakanani kuchukua hatamu, nikawakuta wanapima.

Kisha jirani yetu Gary, ambaye si wa kanisa letu, akafunga mtini kile kijisanduku chake chenye jicho, kinachopiga picha kila kinachopita. Akampa Orvan picha moja. Niliikuta ndani ya kitabu chake cha nyimbo za ibada: dume la kulungu limegeuza shingo, na pembe zake juu ya kichwa kama mti ulionyauka. Nyuma yake Orvan ameandika 200.

"Hii ni nini?"

"Ni lengo tu, Mama. Mtu asiye na lengo anazurura tu msituni."

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Maneno hayo hayakuwa yake, nilimtambua Felty ndani yake mara moja, kama ninavyolitambua shati la mtu mwingine kwenye kamba yangu ya nguo.

Miaka miwili akawa anawaacha majike wapite. Rafu yangu ilibaki na chupa tupu zimegeuzwa midomo chini, na yeye anakuja mezani na kujisifu.

"Leo jike mnono kasimama mbele yangu hatua ishirini. Nikamwacha."

"Ukamwacha, na sisi tunakula maharage?"

Ezra, mume wangu, akacheka. "Mwache, mama Orvan. Kijana anajifunza subira."

Subira! Nimemsubiri Ezra aezeke banda la kuku miaka mitatu, hiyo ndiyo subira. Ile ya Orvan ilikuwa njaa. Tofauti ni kwamba njaa ya tumbo inajua kushiba.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kosa lenyewe ni letu sisi. Watu wa mjini wasingelifanya. Wao hununua dukani dungu la chuma, la kukalia juu wakivizia kulungu, na mikanda yake ya kulifungia mtini. Orvan alijenga lake la mbao, na Felty akampa zawadi ya mikanda miwili mipana ya ngozi, iliyotoka kwenye matandiko ya farasi mzee wa kuvuta magogo.

"Mkanda huu umevuta magogo miaka kumi na miwili," Felty alisema, akiuvuta kwa mikono yote miwili mbele yetu. "Utashindwa na kijana mwembamba kama mpini wa uma?"

Tukacheka. Hata mimi nilicheka, na kicheko kile nakisikia mpaka leo.

Hakuna aliyekumbuka kile ambacho kila mtu huku anakijua. Ngozi iliyovaliwa na farasi miaka kumi na miwili imekunywa jasho lake, na jasho ni chumvi. Na nungunungu wa huku, apandaye miti, kwa chumvi hana adabu. Amekula mipini ya majembe kwa sababu ya jasho la viganja vyetu. Amekula kizingiti cha choo. Ezra hutundika matandiko ya farasi juu kabisa, ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu hiyo hiyo. Na Ezra huyo huyo mwezi wa Agosti alishika ngazi, mwanawe akaifunga ile ngozi ya chumvi kwenye mwaloni, katikati ya msitu wa nungunungu, wakaiacha huko miezi mitatu.

Msimu wa bunduki ni siku tisa. Alhamisi yake nilikuwa chumba cha kufulia na mashuka ya nyumba nzima, maana ibada ya Jumapili ile ilikuwa zamu yetu kuipokea nyumbani na watu mia moja na hamsini wangekuja. Sakafu nilikuwa nimeisugua nimepiga magoti. Orvan akafungua mlango, mabuti yamejaa matope na theluji.

"Mama, ile kamba mpya…"

"Toka! Toka na hayo mabuti! Msituni siku nzima, benchi hata moja hujabeba, na sasa unakuja na huyo kulungu wako mpaka kwenye mashuka yangu?"

"Nilitaka tu…"

"Nenda kamwambie Felty unachotaka!"

Akafunga mlango polepole. Ijumaa baba yake alimshika kutwa nzima kubeba mabenchi na kupanga viti. Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku yake ya mwisho, kwa kuwa Jumapili kwetu hakuna anayewinda. Aliondoka kabla sijawasha jiko.

Saa sita mchana sahani yake ilikuwa bado imefunikwa. Ezra alimkuta chini ya mwaloni, dungu limelala juu ya miguu yake, mkanda mmoja mzima na mwingine umekatika. Miguu hakuisikia, na hajaisikia tena. Alikuwa amelala pale kwenye theluji kwa muda wa saa nne nzima. Unajua alichomwambia baba yake kwanza? Hakusema naumwa. Hakusema niitie Mama.

"Lile dume lilipita, Baba. Hatua kumi kutoka hapa. Nimeyahesabu matawi yake."

Mgongo umevunjika, na anahesabu matawi. Hilo ndilo lililonipa hasira kuliko mkanda.

Baada ya hapo walikuja wanaume. Wanakaa kando ya kitanda chake, kofia magotini, wanakula keki yangu na kusema, "Kumbe ulikuwa karibu namna ile, eh?" kama vile amefanya jambo la sifa. Nikitoka nje ya chumba nawasikia wanashusha sauti: ana matawi mangapi? Alielekea wapi? Na mimi ndiye niliyekuwa nikimimina kahawa.

Novemba ya pili, mwaka mmoja baada ya kuanguka kwake, ndiyo iliyofuata yale matufaha ya Verna. Jumatatu ya msimu Felty akaingia kwangu bila kubisha, uso unang'aa kwa baridi, amebeba kitu kikubwa ndani ya gunia. Akakipakua kwenye mapaja ya Orvan.

"Ni yule yule," akasema. "Nimempata asubuhi hii, nyuma ya kwa Gary. Lakini pembe ni zako, mwanangu. Tangu mwanzo zilikuwa zako."

Felty alikuwa analia. Sitamnyima hilo, alikuwa analia kweli. Orvan akapitisha kidole kwenye kila tawi. Kisha akanyoosha mkono bila kuinua macho.

"Utepe unao?"

Alipima. Akaandika kwenye karatasi, akajumlisha. Akapima tena tangu mwanzo. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni na unga mikononi, nikamwona mwanangu anakunja uso kama mtu aliyeibiwa.

"Mia moja tisini na mbili na robo tatu," akasema. "Hazifiki."

Sijui nilivukaje ule ukumbi. Nilizinyakua zile pembe mapajani mwake.

"Felty, toka nyumbani kwangu."

"Shemeji, ni zawadi tu…"

"Na mkanda ulikuwa zawadi!"

Akarudi nyuma hatua moja. Lakini nilikuwa nimeshamgeukia Orvan, na lile neno la wiki sita likanitoka lote.

"Wanasema ulijua. Wanawake wanasema wakimenya tufaha. Niambie si kweli, niende nikawazibe midomo mmoja mmoja."

Akatazama dirishani. Dirisha lake linatazama uani.

"Niliuona Alhamisi," akasema. "Umeliwa karibu nusu."

"Na ukapanda!"

"Sikutaka kupanda hivyo. Nilitaka niuzungushie kamba kwanza."

"Kamba gani?"

Huko uani shuka mbili zilikuwa zimeganda kwa baridi, ngumu kama mbao, zinagongana.

"Ile mpya, Mama. Ya nguo. Nilikuja, ukawa na kazi nyingi." Kisha akasema, kwa upole ambao afadhali angenipiga, "Ningeweza kusubiri. Ni mimi sikutaka kuikosa Jumamosi."

Felty aliokota kofia yake akaondoka. Unga ulikuwa umenikaukia vidoleni.

Nilizichukua zile pembe mpaka kwenye mwaloni, nikaziweka juu ya mizizi, mahali alipolala. Pembe nazo zina chumvi yake. Aprili nilipokwenda kuangalia, ncha zote zilikuwa zimeliwa na nungunungu, na kwenye kilichobaki mistari ya meno imepita kila mahali, midogo, imepangika, kama ya utepe. Orvan alinisubiri ukumbini.

"Zimebaki inchi ngapi?"

"Sikupima."

Kisha akaniomba nimsogeze jikoni, akachukua kisu, akaanza kumenya viazi.

Kwa hiyo, ndiyo, alijua. Msinong'one tena, nimelisema mwenyewe. Na kwa kuwa Novemba iko karibu, haya ndiyo ya kuepuka:

Usifunge dungu kwa ngozi ya farasi, hata kama ilivuta nyumba nzima.

Usiache mkanda wowote mtini tangu kiangazi. Ufungue, uulete ndani, uukague mwangani.

Usipande siku ya mwisho kwa sababu tu ni ya mwisho.

Usiandike namba ya kulungu ambaye hujamwona kwa macho yako, wala ya yule uliyemwona.

Usimsifu kijana aliyemwacha jike mnono apite na rafu ya mama yake ni tupu.

Usimmiminie kahawa mtu anayeuliza habari za pembe kabla ya kuuliza habari za mgonjwa.

Usimfukuze mlangoni mtoto aliyekuja kuomba kamba. Mwulize ni ya kufungia nini.