Kompyuta Moja ya Raheli na Evance

Katika ofisi ya kuchapa ya Mzee Tumainieli, pale Same nyuma ya stendi, kulikuwa na kompyuta moja na watu wawili waliochukiana. Asubuhi ilikuwa ya Evance, mchana wa Raheli. Saa ya kupokezana, mmoja akiinuka na mwingine akikalia kiti kingali na joto, wateja kwenye benchi walinyamaza wenyewe. Hata mgeni aliyeshuka basi sasa hivi aliona kwamba hapa pana jambo.

Raheli alikuwa na mkono mmoja. Wa kulia uliliwa na korona, ile mashine ya kuchambua nyuzi za mkonge, katika shamba la tambarare alikozaliwa. Baba yake alikuja huko kama manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Kigoma na hakurudi tena kwao. Mwaka uliofuata ajali ile shamba likauzwa, na mwenye mali mpya akasema hataki vilema kwenye orodha yake. Raheli akaja mjini na cheti cha kidato cha nne. Mzee Tumainieli, aliyenunua kompyuta yake siku zile milango ya nchi ilipofunguliwa na kila kitu kikaanza kuingia, alimjaribu kwa wiki kadhaa, akamchukua.

Kibodi imetengenezwa kwa watu wa mikono miwili, kwa hiyo Raheli aliigeuza. Herufi za upande wa kulia alizihamishia kushoto, mahali vidole vyake vilipofika bila kuruka. Kibonye cha herufi kubwa alikiagiza kikibonyezwa kisubiri, asilazimike kukishikilia huku akiwinda herufi nyingine. Mausi aliipindua ifuate mkono wa kushoto. Kisha akaifundisha kompyuta vifupisho: akiandika "mrh" yenyewe inamalizia "marehemu", akiandika "hk" inakuja "Halmashauri ya Kijiji". Kazi hiyo ilimla miezi mingi. Ilipokamilika, aliweza kuchapa mtihani mzima wa darasa la saba mwalimu akimsubiri palepale.

Evance aliyachukia hayo yote. Alikuwa karani wa ushirika huko milimani, mtu wa taipureta, mwenye kasi inayojulikana hadi wilayani. Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia, ushirika ukapunguza watu, naye akashuka mlimani na sanduku la nguo na hasira ambayo haikuwa na wa kuipokea. Ilimpata Raheli.

Kila asubuhi alikaa, akagusa kibodi, herufi zikatoka shaghalabaghala. "Ujinga gani huu!" anasema kwa sauti, ili wateja wasikie. Kisha anarudisha kila kitu kilivyokuwa siku kompyuta ilipotoka dukani. Mchana Raheli anaanza upya, na walimu wanaangalia saa.

"Mzee," Raheli alisema siku moja mbele ya wote wawili, "kompyuta inaweza kumpa kila mtu jina lake. Mimi nikiingia kwa langu nakuta mpangilio wangu, yeye akiingia kwa lake anakuta wake. Hakuna atakayemgusa mwenzake."

"Mashine itakuwa nzito," Evance alidakia. "Na kusema kweli, Mzee, kompyuta ni ya watu wenye mikono. Tusidanganyane."

Mzee Tumainieli alijikuna shingo. Aliogopa ugomvi kuliko hasara. "Vumilianeni, wanangu," alisema, akatoka nje.

Wiki hiyohiyo Raheli alikaa kwenye kiti chake mchana, akaandika "mrh", na kompyuta ikamwachia "mrh". Akajaribu "hk". Hakuna. Vifupisho vyote vilikuwa vimefutwa.

"Evance, umefanya nini?"

"Niliona takataka, nikafagia." Alikuwa anavaa koti, wala hakugeuka.

Raheli hakulia mbele yake. Alilia chooni, kisha akarudi na kuchapa tangazo la mkutano wa hadhara herufi kwa herufi, jasho likimtiririka mgongoni.

Alikuwa na rafiki mmoja anayeyajua mambo haya, Mwanaidi, mwenye ofisi kama ile kule Mwanga. Mwanaidi alimsikiliza, akamwambia aache kuomba haki kwa Mzee Tumainieli na atafute diski ya pili. Evance alikuwa Msabato wa kweli, Jumamosi hakanyagi ofisini, kwa hiyo Jumamosi ilikuwa ya Raheli peke yake, na Mzee alimwachia ofisi bila kuuliza anafanya nini, maadamu kazi haisimami. Raheli akaviandika upya vifupisho vyake. Mwanaidi akaja na diski kuukuu mkobani pamoja na disketi ya kuwashia. Akafungua kasha la kompyuta, akaichomeka diski ile pembeni ya mwenzake, wakanakili.

"Na mambo ya Evance?" Raheli aliuliza. "Kadi zake za harusi, katiba zake za vikundi? Sitaki hata kuyaona."

"Programu ya disketi hii haichukui chumba kimoja, inahamisha nyumba nzima. Mpangilio wako, wake, kila kilichomo. Siku kompyuta ikifa, unaimwaga kwenye diski nyingine na inaamka kama vile haikulala."

Tangu hapo, Evance akifuta, Raheli alirudisha vifupisho vyake kwa disketi nyingine aliyovihifadhia, kabla mteja wa kwanza hajamaliza kueleza shida yake. Evance aliona, akazidi kununa. Na kila baada ya majuma kadhaa Mwanaidi alipanda gari Jumamosi, wakanakili upya kila kitu kwenye ile diski kuukuu, ambayo Raheli aliificha nyumbani ndani ya kopo la unga.

Kompyuta ilikufa asubuhi, zamu ya Evance. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, taa ya ofisini ikapasuka, na ndani ya kasha kikasikika kitu kinagonga kama kucha kwenye bati. Raheli alipofika alikuta kioo cheusi na Mzee Tumainieli amekaa kwenye benchi la wateja kama mfiwa.

"Ameiua huyu!" Evance alimnyoshea kidole. "Mara herufi kushoto, mara vifupisho. Niliwaambia!"

"Ilikuwa mkononi mwako," Raheli akajibu. "Mikono yote miwili."

Mzee alikwenda Moshi, akarudi na diski mpya, tupu. Fundi wa huko alikwisha kumwambia kwamba yaliyokuwemo kwenye ile ya zamani yamekwenda. Evance alikaa akiitazama diski mpya, na kwa mara ya kwanza Raheli alimwona amenywea. Kazi zake zote tangu ashuke mlimani zilikuwa humo. Raheli angeweza kunyamaza. Alilifikiria hilo usiku kucha, na lilimnogea. Lakini bila kompyuta hata yeye hakuwa na kazi, na Mwanaidi alikuwa amesafiri. Asubuhi alileta kopo lake la unga, diski na disketi ya kuwashia zikiwa ndani.

"Ninayo nakala," alimwambia Mzee. "Ya kila kitu. Ila bisibisi inataka mtu ashike huku na afungue kule. Evance atafungua."

Evance akapiga magoti sakafuni, akafungua kasha. Raheli akasimama juu yake, akimwelekeza.

"Waya ule mpana. Hapana, geuza. Mstari mwekundu upande huu."

"Najua."

"Kama unajua mbona unauchomeka kinyume?"

Diski zote mbili zikakaa. Evance akainuka haraka, akavuta kiti, akaweka disketi ya kuwashia na kuanza kubonyeza kabla Raheli hajafika mezani. Programu ikauliza inakili kutoka diski ipi kwenda ipi. Raheli alisoma kioo juu ya bega lake.

"Toa mkono!"

"Nini tena?"

"Umechagua ile tupu iwe ya kunakiliwa! Ungebonyeza hapo, ungeimwaga hewa juu ya nakala yangu. Tusingebaki na kitu, mimi wala wewe! Toa mkono, Evance!"

Evance aliutoa. "Nimekosea," alisema. Raheli alimtazama machoni akitafuta kama kweli ni kosa. Hakujua, na hata miaka mingi baadaye hakupata kujua. Alimwondoa kitini, akachagua mwenyewe, akasoma mara ya pili, akasoma mara ya tatu, kisha akabonyeza kwa kidole gumba.

Ilipomalizika wakaondoa diski kuukuu, wakawasha. Kompyuta ikaamka na picha yake ileile, na kazi zote, na vifupisho. Mzee Tumainieli akapiga makofi peke yake. Evance akafungua kadi zake za harusi moja baada ya nyingine, akazikuta. Kisha akageuka, na uso wake ulikuwa mbaya kuliko asubuhi.

"Kwa hiyo muda wote huu ulikuwa unaniibia."

"Nimekurudishia!"

"Ulikuwa nazo nyumbani kwako. Kazi zangu, wateja wangu, mifano niliyoitunga kwa kichwa changu. Ulitaka kuondoka nazo. Mzee, huyu ni mwizi, na ametuonyesha mwenyewe wizi wake!"

Raheli alimgeukia Mzee, akasubiri. Mzee Tumainieli alitazama mlango, akatazama kompyuta inayong'ara. "Hukuniambia, mwanangu," alisema taratibu. "Ungeniambia. Mfutie tu mambo yake, yaishe."

Hapo ndipo kitu kilipomkatika Raheli. Akairudisha diski kuukuu ndani ya kasha, Evance akishika bisibisi. Akafungua makabati ya Evance yaliyokuwa kwenye nakala hiyo, si yale ya diski mpya, na kuyafuta mbele ya macho yake, kadi, katiba, barua, kila kitu, akimtajia jina la kila kimoja. Hakufanya haraka.

"Umeona? Imebaki yangu tu. Nifungulie."

Evance akamfungulia, akamkabidhi diski. Raheli akaitia kwenye kopo lake.

"Kesho mchana," Mzee Tumainieli alianza, "mteja wa katiba ya..."

"Kesho mchana sipo, Mzee. Shikamoo."

Akachukua kopo lake, akatoka. Upepo wa Same ulikuwa unabamiza mabati.

Juma lililofuata Mwanaidi alimkaribisha Mwanga na kumpa meza ya dirishani, yenye kompyuta ambayo hakuna mwingine angeigusa. Wakaimwaga nakala humo, nayo ikaamka na herufi zake kushoto. Barua yake ya kwanza ilikuwa ya mfugaji mmoja, mama Naisenya, aliyetaka kulalamikia serikali ya kijiji juu ya njia ya ng'ombe iliyozibwa. Mama yule alikuwa na hasira, akasema maneno mengi kwa kasi, nusu Kimaasai, nusu Kiswahili.

"Taratibu kidogo, mama," Raheli alimwambia, mkono wake ukikimbia. "Lakini usipunguze ukali. Sema hivyohivyo."