Buluu ya Mjomba Severini

Kila Jumamosi mchana Mzee Severini aliteremka kutoka Mlali na mfuko wa mboga mkononi, akazunguka nyuma ya stendi ya Msamvu mpaka nyumbani kwa mpwa wake Editha, akaketi mbele ya kompyuta kama mtu aliyeitwa kazini. Alikuwa na miaka sabini na miwili. Thelathini kati ya hiyo aliimaliza katika studio yake ya picha mjini Morogoro, akisafisha picha za maharusi, za watoto wa komunyo ya kwanza na za wafanyakazi wa viwandani waliotaka kuwatumia mama zao sura zao. Watu walisema hakuna aliyejua rangi kumshinda Severini, na Editha aliamini hivyo tangu utoto. Ndiyo maana ilimwia vigumu kukubali kwamba macho yale yalikuwa yanazimika, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua.

Kwao Uluguruni mjomba ana neno zito kwa watoto wa dada yake, na Severini hakulitumia neno hilo kwa ukali. Editha alipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, mjomba ndiye aliyenunua godoro na sanduku, akabeba sanduku lile kichwani mwenyewe ili binti asifike shuleni na vumbi mabegani. Sasa Editha alikuwa na miaka arobaini na sita, mwalimu wa fizikia, na watoto wake wawili walikuwa wameshaondoka nyumbani. Mwalimu mwenzake, Athanas, alipohamia mkoa mwingine alimwachia darubini ndogo, kamera na vichujio vitatu, akisema tu, "Wewe utavitunza." Hakutaka hata asante ndefu.

Vichujio hivyo ndivyo vilivyomwezesha kupiga picha za mbinguni huku taa za stendi zikiwaka usiku kucha. Kila kimoja kilipitisha mwanga wa aina moja tu, yaani wa salfa, wa haidrojeni au wa oksijeni, kikazuia mwingine wote. Mwisho wake alipata picha tatu nyeusi na nyeupe za nebula moja, wingu la gesi kati ya nyota, lililo karibu na mkia wa kundi la nyota la Nge. Kwenye kompyuta aliipa salfa rangi nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu, kisha akaziunganisha. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

"Hii ni nini, Mwalimu?" Severini aliuliza siku ya kwanza. "Umepiga picha ya kisamvu?"

"Ni haidrojeni, Mjomba. Ina nguvu kuliko wenzake, ndiyo maana kijani kimefunika kila kitu."

"Basi ipunguze. Usiiue, ipunguze tu, na wenzake nao waonekane." Akasogea karibu. "Mimi nilikuwa naanza na shati. Bwana harusi akivaa shati jeupe, naliangalia hilo kwanza. Likikaa jeupe sawasawa, uso wa mtu hauwezi kunidanganya. Hapa shati liko wapi?"

"Huku hakuna shati, Mjomba. Rangi tunapanga wenyewe."

"Watu wa ajabu nyie. Harusi haina hata shati."

Wakacheka, wakaendelea. Kiangazi kile kilikuwa kizuri kuliko vyote. Editha alisogeza alama za rangi, mjomba akasema ongeza, rudisha, acha hapo. Kijani kikapungua kidogo kidogo, kingo za wingu zikageuka dhahabu, na katikati, kwenye oksijeni, ikatokea buluu tulivu ya maji ya kisima. Kila picha aliyoipitisha mzee, Editha aliipima pia kwa namba, na namba zilikubaliana naye.

Mwaka uliofuata, Jumamosi moja ya mwezi wa nane, walikaa kwenye nebula ileile.

"Buluu mbona hukuweka?" akauliza mjomba.

Editha akatazama. Buluu ilikuwepo, pana na safi, katikati ya picha. Akadhani mzee anatania, akasubiri cheko. Halikuja.

"Nivute oksijeni kidogo?"

"Vuta. Vuta tena. Mwanangu, unaogopa nini? Vuta."

Mwanga wa oksijeni ni dhaifu, na ukiuvuta kupita kiasi haukupi rangi zaidi, unakupa chenga, kama televisheni ya zamani iliyokosa mawimbi. Chenga zikaanza kucheza kwenye buluu. Dhahabu ya kingoni ikapauka kama majivu. Severini akaegemea kiti, akashusha pumzi.

"Hapo. Sasa imekaa."

"Imekaa, Mjomba," akasema Editha.

Mzee alipoondoka, Editha alirudisha alama zote mahali pake, akaihifadhi picha hiyo kwenye folda ya peke yake. Ile yenye chenga hakuifuta. Aliiweka kwenye folda aliyoiandika jina la mjomba, ili Jumamosi ijayo, akiulizwa, awe na cha kumwonyesha.

Alijieleza mwenyewe kwa maneno mengi. Alisema mbinguni hakuna shati jeupe, na kama rangi tunapanga wenyewe, basi mzee ana haki ya kupenda buluu nyingi. Alisema fundi wa miaka thelathini harudishwi darasani na msichana aliyemshikia taa studio utotoni. Lakini yeye ni mwalimu wa fizikia. Ladha ya mtu haipandi mwezi hadi mwezi kama joto la mgonjwa, na buluu ya mjomba ilikuwa inapanda. Aliiona kwenye namba Septemba, akaiona Novemba. Mvua zilipokuja na mawingu yakafunika anga, wakarudia picha za zamani, na zile nazo mzee akaziona hazina buluu.

Kisha mzee akaanza kugonga kiti kilichokuwa upande wake wa kushoto. Editha akakihamisha kiti. Mzee akamwaga chai pembeni ya kikombe. Editha akaanza kumwekea kikombe mkononi. Alipoteleza kwenye ngazi ya mlango, Editha aliipaka ngazi ile chokaa nyeupe, na mzee alipouliza ya nini, akasema ni ya kupendezesha nyumba. Kila kimoja kilikuwa kitendo cha upendo, na kila kimoja kilimwezesha mjomba kuishi wiki nyingine bila kujua.

Siri ilitoka siku ya mahafali ya kidato cha nne, mwezi wa tisa mwaka uliofuata. Shule ilitundika ile picha ya nebula, kubwa, kwenye ukuta wa maabara. Editha alikuwa amechapisha ile iliyo sahihi. Severini alisimama mbele yake katika suti yake ya kahawia, na wazazi wakaja kumpa mkono. Mmoja wao alikuwa Mwamvita, muuguzi wa kliniki ya macho, aliyekuja kumwona binti yake akihitimu.

"Shikamoo, mzee. Naambiwa kazi hii ni yako."

"Marahaba, mwanangu. Ni ya mpwa wangu, mimi ni wa rangi tu. Pale katikati ningeweka buluu, lakini naona leo ameninyima."

Katikati ya picha palikuwa buluu kama kitenge kipya. Mwamvita hakucheka, wala hakumsahihisha mbele za watu. Alihama taratibu, akasimama upande wa kushoto wa mzee, akanyamaza. Severini aliendelea kuzungumza na pale alipokuwa amesimama mwanzo. Basi yule mama akarudi, akamshika mkono kama binti anavyomshika baba yake.

"Mzee, tutafute viti tukae. Nataka unieleze vizuri habari za rangi."

Walikaa nusu saa. Baadaye Mwamvita alimwita Editha kando. "Jumanne mlete kliniki. Usisubiri mwisho wa mwezi."

Jumanne wakaenda. Daktari Luqmani alimpima mzee kwa muda mrefu, akamwambia afumbe jicho hili, atazame taa ile, aseme akiona kidoti. Mara nyingi mzee alinyamaza mahali ambapo kidoti kilikuwepo.

"Ni presha ya macho," akasema daktari. "Huja kimya, haiumi. Huanza kula uono wa pembeni, na wengine huanza kukosea rangi, hasa buluu. Nyumbani hakuna aliyeona mabadiliko?"

Severini akajibu kwa haraka, kama anayemkinga mtu. "Ningeona mwenyewe, daktari. Mimi ni mtu wa picha."

Editha angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua.

"Mimi niliona," akasema. "Mwezi wa nane, mwaka jana."

Akaeleza. Alieleza habari za oksijeni, za chenga, na za folda mbili. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Una hakika na huo mwezi?"

"Faili zina tarehe."

Daktari akaweka kalamu chini. Alikuwa mtu mpole, akatafuta la kusema lisilochoma. "Dawa ya matone itashikilia kilichobaki, mkiitumia kila siku. Kilichopotea hakirudi."

Hesabu ya miezi aliifanya mjomba, walipokuwa wamekaa kwenye benchi la nje wakisubiri dawa.

"Kumi na mitatu."

"Ndiyo, Mjomba."

"Na kila Jumamosi ukaniambia rangi imekaa."

"Niliogopa kukuvunja moyo."

"Moyo ungepona, Editha."

Hakupandisha sauti. Lakini alimwita kwa jina, yeye aliyemwita Mwalimu tangu siku alipopata cheti.

Jumamosi nne hakuja. Editha alikwenda Mlali kila Jumapili kupeleka dawa. Mzee aliitikia shikamoo yake, akalaza kichwa nyuma ili atiwe matone ya siku hiyo, akashukuru. Wakati wa kuondoka alimpa mfuko wa karoti na kabichi kama kawaida, amechagua zile ngumu, kwa kupapasa moja moja. Mfuko ule ulimlemea Editha kuliko kama angetukanwa.

Jumamosi ya tano mlango ukagongwa. Alikuwa Gervas, jirani wa Mlali, na mjomba ameshika kiwiko chake.

"Amesema nimlete kazini," akasema Gervas, akaenda zake kumpa nafasi.

Severini akaketi. Hakuuliza kiti kiko wapi. Alinyoosha mkono akakikuta. Kwenye kioo kulikuwa na nebula nyingine, iliyopigwa wiki ile, kati ya mawingu ya vuli.

"Niambie kilichopo," akasema.

"Haidrojeni ni nzuri. Nimeipunguza, kingo zimeanza kuwa dhahabu. Salfa inatosha." Editha akasita. "Oksijeni ni hafifu. Mawingu yalinikatiza."

"Ivute."

Mkono wake ulikuwa tayari juu ya alama. Aliuona uso wa mjomba umeelekea kwenye kioo, macho yamekazwa, ukisubiri ile buluu kama mtu anayesubiri mgeni wake barabarani. Kusogeza alama ingekuwa rahisi, na kusema imekaa ingekuwa rahisi zaidi.

"Hapana, Mjomba. Haivutiki. Nikiivuta itaharibika."

Mzee akaondoa uso kwenye kioo. Viganja vyake vilikuwa vimelala mezani, vikubwa, na kucha zina weusi wa udongo wa bustani.

"Kwa hiyo katikati hakuna buluu."

"Ipo kidogo sana. Wewe huwezi kuiona."

Maneno hayo yalitoka bila kutetemeka, na lililomuuma Editha ni jinsi yalivyokuwa mafupi. Yangetosha mwaka jana, mezani hapa hapa, chai ikiwa bado ya moto. Mzee angekasirika, pengine angeondoka bila kuaga. Halafu wangekwenda kliniki.

Severini aliyakubali taratibu, akitikisa kichwa.

"Iache hivyo," akasema. "Na nyota zake je? Usinifiche."

"Nyota zimekaa vizuri," akasema Editha, na ilikuwa kweli, lakini mjomba aligeuza uso kuelekea sauti yake, kama anayepima alitilie shaka neno hilo au aliamini.