Hilaria na Ubao wa Jumatatu

Usiku wa jana niliota nimefika kazini, na mlango wa chumba cha kufulia ukakataa kufunguka.

"Hukunitaarifu jana kwamba leo utanifungua," ulisema.

"Mbona nakufungua kila siku?"

"Na kila siku hunitaarifu. Nilikuwa nakuvumilia tu."

Nikauomba radhi. Mimi huomba radhi haraka, hata kwa milango. Kisha nikapitia dirishani.

Mlango ulikuwa na haki yake. Hiyo ni kanuni ya dada Nsia. Mwezi uliopita hoteli yetu ilimwita aje siku tatu kutufundisha namna ya kufanya kazi na mwenzetu Hilaria. Tuliposikia anakuja kocha, mzee Lyatuu wa boila la maji moto aliuliza kama tutapewa na jezi. Dada Nsia alicheka sana, halafu akatuambia ubongo wa Hilaria haujaharibika, umepangwa kwa namna yake. Mpeni agizo moja kwa wakati mmoja. Msimlazimishe kuwatazama machoni. Na jambo lolote litakalobadilika kesho, liandikwe ubaoni leo.

Ndani, macho ya wafanyakazi wenzangu wote yametundikwa kambani kwa vibanio, ili pasiwe na wa kumlazimisha mtu kutazamana. Ya Mama Kileo, msimamizi wetu, niliyatambua mara moja. Hata pale kambani yalikuwa yanakagua sakafu.

Mama Kileo mwenyewe anapapasa meza.

"Aikande, lete sabuni na maji."

"Agizo moja," beseni linamkatiza.

"Haya. Lete sabuni."

Naleta sabuni.

"Lete maji."

Naleta maji. Kazi inakwenda vizuri kuliko siku zote, tena bila mtu kupigiwa kelele. Nikawaza, kumbe ilikuwa rahisi hivi.

Mahali pa Hilaria palikuwa wazi. Mashine yake, namba mbili, haikuwepo, yamebaki matundu manne ya bolti kwenye sakafu. Tundu la kwanza likafunua mdomo.

"Yuko wapi?"

"Amerudishwa nyumbani."

"Na nani?"

Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Nitaeleza jinsi ilivyokuwa, maana hili si la ndotoni. Jumatatu Mama Kileo aliniambia niandike ubaoni kwamba kesho mashine namba mbili inahamia dirishani. Nilishika chaki. Nyuma yangu akina Pendaeli walikuwa wanakunywa chai. Wiki iliyotangulia niliandika habari ya taulo, Pendaeli akasema, "Jamani, nani kaachia kuku ubaoni?" Wakaucheka mwandiko wangu, na mimi nikacheka nao. Basi Jumatatu nikairudisha chaki, nikasema nitaandika wakishaondoka. Hawakuondoka. Nikaondoka mimi.

Jumanne Hilaria alikuta matundu. Aliyazunguka, akaziba masikio, akapiga kelele mpaka wageni wa ghorofa ya kwanza wakatoka na taulo zao kiunoni. Mama Kileo akaniuliza mbele ya wote, "Aikande, si uliandika?"

Nikasema niliandika.

Ubao hufutwa kila jioni, hapakuwa na wa kunipinga ila Hilaria. Alisema, "Haikuandikwa." Akarudia tena na tena. Mama Kileo alisikitika, nilimwona. "Kama iliandikwa na bado amefanya hivi," alisema, "basi hata kocha hawezi kutusaidia." Akampeleka nyumbani, akatangaza kwamba Ijumaa saa mbili anakuja mtu mwingine kushika nafasi yake.

"Twende Jumatatu," tundu lilisema.

"Ni mbali?"

"Ni nyuma ya kabati la mashuka. Huendi kwa sababu hupendi."

Nikaingia kabatini. Upande wa pili ni uwanja wa mpira, na dada Nsia anakimbia pembeni mwa mstari na filimbi shingoni. Anapuliza. Ananionyesha kadi ya njano.

"Umechelewa siku tatu."

"Naomba radhi, dada."

"Mimi sijakosewa," akasema, akaendelea kukimbia.

Goli si goli tena, ni ubao wetu, mkubwa kama ukuta wa kanisa. Akina Pendaeli wako pale na vikombe vyao. Naandika herufi ya kwanza. Inashuka ubaoni, inavuta kiti, inakaa na Pendaeli, inamiminiwa chai. Naandika ya pili, nayo inashuka. Zote zinashuka, moja inaomba sukari. Ubao ukabaki mtupu, na mimi sina herufi nyingine.

Hapo ndipo Hilaria alipotokea, amebeba shuka mbichi ya kitanda kikubwa. Hakunitazama. Alitazama pindo.

"Shika pembe."

Nashika.

"Rudi nyuma."

Narudi mpaka shuka inanyooka kati yetu.

"Njoo."

Naenda. Pembe zangu zinakutana na zake. Mikono yetu inagusana, ananusa sabuni, anangoja.

"Una maneno," anasema. "Toa moja."

"Kesho," nikasema.

"Rudi nyuma. Njoo."

"Mashine."

"Rudi. Njoo."

"Yako."

Shuka inapungua. Kila nikirudi, narudi hatua chache kuliko mwanzo.

"Inahamia."

Mara ya mwisho sikurudi kabisa, hapakuwa na nafasi. Tulikuwa tumesimama uso kwa uso na kifurushi cheupe katikati.

"Dirishani," nikasema.

Hilaria akafikiri.

"Kesho mashine yangu inahamia dirishani. Sawa. Nitakuja saa kumi na mbili niizoee kabla hamjafika."

"Basi?"

"Basi. Kuna lingine?"

Nilitaka kulia, lakini ndotoni machozi yangu yalikuwa kambani na macho ya wengine.

"Nilisema haikuandikwa," akasema. "Ulinisikia mara ngapi?"

"Mara sita."

"Sita," alikubali, akaridhika kwamba hesabu zetu zinalingana. Kisha akaikunja pembe moja ya kile kifurushi kwa ndani, akaisukuma kwa kidole gumba mpaka ikazama. "Ukiivuta hii, yote inafunguka. Usiivute kabla ya kufika."

"Kufika wapi?"

"Hilo ni swali la pili," akasema, akanikabidhi shuka.

Nikaamka kwa baridi.

Shuka niliyojifunika haikuwa mwilini. Haikuwa hata kitandani. Ilikuwa juu ya stuli, imekunjwa, kingo zimelingana kama zimekatwa kwa wembe, na pembe moja imezamishwa ndani. Chumba hiki nakaa peke yangu. Nikaenda kuangalia komeo, lilikuwa limefungwa kwa ndani kama nilivyoliacha.

Nina shuka nyingine inayolingana na ile. Niliitoa nikajaribu kuikunja vile. Nikaegemeza pembe ukutani, nikazishika kwa kidevu, nikazikanyaga. Haiwezekani. Lazima mtu awe upande wa pili.

Leo ni Ijumaa. Jana jioni mdogo wake Hilaria alipita kuchukua ndala ambazo dada yake aliziacha kazini. Aliniambia dada yake hali chakula vizuri, na anamuuliza kila mtu nyumbani kama inawezekana mtu asome ubao na asione. Nilimpa ndala. Nikamwambia, "Msalimie."

Mama Kileo hufika kazini saa moja, kabla ya huyo mtu mwingine. Nimeichukua ile shuka iliyokunjwa, nimeipakata kifuani kama mtoto, natembea taratibu isije ikafunguka njiani.