Kilomita za Injinia

Mkwe wangu tulimwita Injinia. Chuo hakukiona, alikaa gereji wiki tatu akiwashikia mafundi tochi, na tangu hapo hakuna chuma asichokijua. Gari lilikuwa la binti yangu, fundi cherehani, alilolipata kwa kushona sare za shule mpaka mgongo ukamuuma. Mumewe kazi yake kuliendesha na kulitunza, basi.

"Oili hubadilishwa kila kilomita elfu tano," alitutangazia, kidole juu. "Si elfu nne, si elfu sita."

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini namba nazisoma. Siku moja nimekaa mbele, natazama kilomita kwenye dashibodi: 84,310. Mwezi uliofuata nikapanda tena: 84,310.

"Baba," nikamwambia kwa adabu, maana mkwe ni mkwe, "namba hii mbona haisogei?"

Akacheka. "Mama, hiyo ndiyo dalili ya dereva mzuri. Anayeendesha kwa fujo ndiye zinampanda haraka. Mimi nakwenda taratibu."

Taratibu gani hiyo, mtu anaenda mjini na kurudi bila kutembea?

Nikamweleza binti yangu. "Mwache, mama, amesomea."

"Tochi," nikasema.

Mwaka ukapita, oili ni ile ile. Shule zikakaribia kufunguliwa. Mwalimu mkuu akasema sare zisipofika kabla ya saa sita mchana, kazi anampa mshonaji mwingine. Tukapakia mabunda, tukaondoka asubuhi, sote watatu. Njiani injini ikaanza kugonga kama mtu anatwanga kokoto, kisha kimya, karibu na soko.

Fundi wa gereji ya karibu akaja, akalala chini, akafungua nati. Kilichotoka ni uji mweusi, mzito kama lami.

"Oili ulibadilisha lini, kaka?"

"Muda wake bado. Soma mwenyewe hapo."

Fundi akachungulia. "Hii mita imekufa."

"Haijafa. Imetulia."

Nikageukia upande wa pili nisije nikamcheka mkwe wangu hadharani.

"Basi na injini imetulia," fundi akasema. "Imenoki. Tafuteni nyingine."

Binti yangu akakodi mkokoteni wa pale sokoni, tukapanga mabunda, Injinia akashika mbele, sisi tukasukuma nyuma. Tulifika tumejaa vumbi, saa sita kasoro dakika chache. Mwalimu mkuu akazipokea.

Nyumbani binti akanyoosha mkono. "Ufunguo."

"Utaendeshwa na nani?"

"Nitajifunza."

Akajifunza kweli. Akapata injini iliyotumika, akamwambia fundi atengeneze na mita, na tarehe za oili anaziandika kwenye kalenda ya ukutani.

Injinia siku hizi anakaa barazani akiwafundisha majirani kwamba wanawake huua injini.

"Au siyo, mama?" akaniuliza juzi mbele yao.

Mwenye gari alikuwa anatoka na mzigo wake, nikaenda kumfungulia geti.