Hapo Hapo, Fundi

...hapo hapo, anasema baba, usiuguse tena, na mimi nimeganda na kitambaa mkononi, nilikuwa nafuta vibao vyeupe vya piano ya kanisa kimoja kimoja kama alivyonifundisha, vuta kuelekea kwako, mwanangu, usipitishe kwa upana, uchafu utaingia katikati... hapo hapo vipi, baba, mbona fundi ndiyo kwanza ameulegeza uzi, hata hajaanza kuukaza, na sauti iliyotoka ni ya sufuria iliyoanguka sakafuni, na baba yangu, mwalimu wa muziki, ambaye nikiwa mdogo nikikosea noti alinipigia kelele toka bafuni, sabuni mpaka masikioni, fa hiyo, fa, wewe unapiga nini, baba huyohuyo anatikisa kichwa kwa raha, imekaa, anasema, imekaa barabara... fundi anacheka, leo unanitania, mzee, anapiga tena, kwaa, na baba, si nimeshakwambia imekaa, wewe kiziwi?... kiziwi, Mungu wangu, neno kalitoa mwenyewe... kwa hiyo jana nilipomwita mezani, nikaita, nikaita, hakuwa amenuna, na mimi nikamnunia jioni nzima, na kwaya je, Jumapili waimbaji walivyokuwa wakitazamana yeye akipiga, akarudi nyumbani akisema vijana wa siku hizi hawashiki sauti... lakini tangu lini, mbona anajibu, anatania, ukimsalimu anaitikia, hapana, ngoja, anaitikia akikutazama, ukimpa kisogo hajibu... na sasa hivi haitazami piano, hamtazami fundi, ananitazama mimi, na mimi nilikuwa natabasamu, ndiyo, fundi alikuwa amenichokoza, dada, piano hii unaiogesha kuliko mtoto mchanga, nikatabasamu, noti ikalia, na baba akasema hapo hapo... ee baba, ni uso wangu unaousikiliza, miaka yote hii uliyosema kaa hapa karibu, mwanangu, fundi akiwa kazini, nikadhani unanifundisha kazi... niache hivi, mzee, fundi anauliza, hacheki tena, macho yake kwangu, na ya baba kwangu, nikikunja uso atajua kwamba nimejua, nikitabasamu Jumapili atapiga hivi mbele ya watu wote, na uzi umelegea vilevile, na kitambaa kinanidondokea maji mguuni, na sithubutu hata kupepesa macho, maana hata hilo atalisikia.