Mbio za Shemeji

Meneja aliweka kikombe chake cha kahawa juu ya michoro mezani kwa Mchoraji, bila kuuliza, akamtazama shujaa wa mchezo wa kompyuta akikimbia kwenye skrini. Nyayo zilikuwa zinateleza. Kiwiliwili kilikuwa kimekakamaa kama kabati linalohamishwa.

"Huyu anakimbia au anasukumwa?" akauliza Meneja, mtu ambaye mara ya mwisho kukimbia alikuwa bado na meno ya utoto.

Mchoraji alikuwa akimdharau bosi wake tangu siku ya kwanza, ila kwa adabu, kama wanavyodharau waoga. Alishahangaika na nyonga za shujaa yule, akamwinamisha, akampa uzito kila mguu ulipotua, lakini wapi. Basi akamleta shemeji yake, mdogo wa mkewe, binti aliyekuwa akijiandaa kwa mashindano ya mita mia nne.

Walimbandika vidude vyeupe kwenye viungo, wakawasha kamera za kunasa mwendo, akakimbia ukumbini. Kwenye skrini bega likaitikia nyonga, kisigino kikapanda, na shujaa alipokata kona aliegemea ndani kama mtu mwenye mwili kweli. Ofisi ikapiga makofi. Meneja akapokea pongezi.

Shemeji alipotaka kukimbilia viatu vyake, mbio hazikuwepo. Miguu ilijirusha mbele na nyuma, nyayo zikapita juu ya sakafu bila kuigusa, mwili umekakamaa. Alifika ukutani akaendelea kukimbia palepale, mpaka fundi wa kamera akamshika mabega na kumgeuza.

"Shemeji, mmechukua mbio zangu."

"Nitaongea nao."

"Ongea nao sasa. Si hawa hapa?"

Meneja alikuwa anakoroga kahawa. "Tukimrudishia, sisi tubaki na nini?" akasema. "Na yeye si amepata zile za zamani za shujaa? Haondoki mikono mitupu."

Mchoraji aliona jinsi mtu anavyoweza kuwa mjinga na katili kwa pumzi moja. Akajibu, "Sawa, bosi."

Siku ya mashindano waamuzi walimtoa shemeji uwanjani kwa kuwa nyayo zake hazikugusa ardhi. Kocha wake aliona wana haki. Nyumbani, mama yake alizoea kumgeuza kila alipofika ukutani, mkono mwingine ukiendelea kukoroga chakula. Mchezo ulipotoka, watoto wa mtaa walimkimbiza shujaa kwenye skrini kutwa nzima, na shemeji alikuwa akienda dirishani kwa jirani kutazama. Hakulia. Alisema tu kwamba wanamkimbiza vibaya, hawamwachi apumue.

Meneja akapandishwa cheo. Akarudi mezani na kikombe kile kile.

"Sasa nataka mwanamke anayepanda ngazi. Amechoka, ametoka kazini. Awe wa kweli, sio kabati."

Jioni hiyo mke wa Mchoraji aliingia nyumbani, akamsalimia mumewe aliyekuwa ameketi sebuleni, akaanza kupanda ngazi kwenda chumbani. Hatua chache tu, akasimama na kugeuka. Mumewe alikuwa ameinua simu.

"Unanipiga picha ya nini?"

"Hamna kitu. Wewe panda tu, mama."

Mkewe akaketi pale pale kwenye ngazi, akavua viatu, akavipanga kando yake, akakunja mikono.

Mchoraji akamlaani Meneja kimoyomoyo, ukoo wake mzima. Lakini simu hakuishusha.